Mtoto njiti na boksi la wifi: kipi apewe, kipi kibaki kabatini

Mama mmoja wa Tanga ameniandikia hivi, nami nimefupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Nilijifungua mtoto wa kike mimba ikiwa na wiki 31, akiwa na kilo 1.35. Tumekaa wodini wiki tano, juzi tumeruhusiwa akiwa na kilo 1.9. Ananyonya, na akichoka namkamulia nampa kwa kikombe. Hospitali wamenipa dawa ya maji ya kuongeza damu na multivitamini ya matone. Sasa wifi yangu aliyeko Maskati ametuma boksi: matone ya vitamini D, matone ya probiotiki, mafuta ya samaki ya watoto, na dawa ya maji iliyoandikwa 'kinga' ambayo ndani ina vitamini C na zinki. Jirani ananiambia dawa ya damu inavuta malaria. Mama mkwe anataka nimlambishe asali na nimpake mafuta ya nazi. Nimechanganyikiwa. Kipi kitamkinga mwanangu asirudi wodini?"

Marahaba mama, na hongera ya uzazi. Kutoka kilo 1.35 hadi 1.9 ndani ya wiki tano si kazi ndogo. Nawajua akina mama wa wodi ile: anaamka saa nane za usiku, anakamua mililita ishirini, anaziangalia zikiteremka taratibu kwenye mpira wa pua, analala kidogo, anaanza upya. Nusu ya jibu langu iko hapo, lakini nitaanza na boksi kwa kuwa ndilo linalokunyima usingizi.

Mtoto hujaza ghala lake miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Sehemu kubwa ya madini ya chuma, kalsiamu na fosforasi anayozaliwa nayo hupita kwenye kondo wakati huo, pamoja na akiba ya zinki na vitamini A. Binti yako ametoka katikati ya mavuno. Juu ya hapo anakua kwa kasi kubwa kuliko mtoto aliyetimiza miezi yake, na huko wodini alitolewa damu ya vipimo mara kadhaa. Siku aliyozaliwa, damu yake yote mwilini ilikuwa kama mililita 120, haifiki nusu ya chupa ya soda. Kila tone lililokwenda maabara liliondoka na chuma chake.

Kwa hiyo ana deni, tena deni linalojulikana. Swali langu kwa kila chupa inayoletwa mbele yangu ni moja tu: inalipa deni gani, na kwa kipimo gani? Chupa ikikosa jibu inarudi kabatini. Neno "kinga" kwenye lebo si jibu. Hilo ni neno la muuzaji.

Tuanze na dawa ya damu, maana ndiyo muhimu kuliko zote na ndiyo inayokosewa kuliko zote.

Chuma kilichomo kwenye maziwa ya mama hufyonzwa vizuri sana, ila ni kidogo. Kinamtosha kwa miezi ya mwanzo mtoto aliyezaliwa na ghala limejaa, njiti hakimtoshi. Wala usihangaike kukiongeza kwa chakula chako. Kula maini, kunywa juisi ya rozela, utapata nguvu wewe, na unazihitaji, lakini chuma cha kwenye maziwa hakipandi kwa hayo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka njiti anayenyonya apewe chuma cha kunywa. Kipimo kilichozoeleka ni miligramu 2 hadi 4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kuanzia akiwa na wiki 2 hadi afikishe miezi 6, na wapo madaktari wanaoendelea nacho hadi mwaka. Asipopewa, akiba yake ndogo huisha mapema: anapauka, anachoka kunyonya, uzito unasimama, na ubongo unaokua kwa kasi wakati huu unakosa kitu unachokihitaji mno.

Sasa chukua chupa yako uigeuze usome. Kuna namba mbili zinazochanganya watu. Moja ni ya chumvi ya chuma, yaani ferasi salfeti au ferasi fumareti. Nyingine ni ya chuma chenyewe kilichomo ndani ya hiyo chumvi, na hii ya pili ndiyo tunayopimia. Kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina chuma chenyewe miligramu 65 tu. Dawa za maji nazo hazifanani. Tuseme yako ina miligramu 45 za chuma chenyewe katika kila mililita 5. Hizo ni miligramu 9 kwa mililita moja. Binti yako wa kilo 1.9, kwa kipimo cha 2 kwa kilo, anahitaji miligramu 3.8 kwa siku. Piga hesabu: mililita 0.4 na ushee. Haifiki hata nusu ya mililita! Ukimpa kijiko cha dawa cha mililita 5 umempa miligramu karibu 24 kwa kila kilo, na dalili za sumu ya chuma huanza kutarajiwa mtoto akivuka miligramu 20 kwa kilo.

Sisemi haya kukutisha. Niliwahi kumpokea mtoto wa kilo mbili na kidogo aliyekuwa anatapika siku ya pili mfululizo. Karatasi yake ya kuruhusiwa, kutoka hospitali ambayo sitaitaja, ilikuwa imeandikwa jina la dawa na "1x1", basi. Moja ya nini? Mama yake akaona kijiko kimo ndani ya boksi, akatumia kijiko. Mtu yeyote angefanya hivyo. Mtoto alipona, lakini tangu siku ile siandiki dawa ya damu ya njiti bila kumpa mama bomba la sindano la mililita 1, lisilo na sindano, na kulichora mstari wa kalamu mahali pa kuishia. Kama hukupewa, duka lolote la dawa linauza kwa bei ndogo. Rudi hospitali na chupa yako wakuchoree mstari, na kila uzito unapopanda mstari nao unahamishwa. Choo kikiwa cheusi au cha kijani iliyokolea, usishtuke, ni chuma. Chekundu ni habari nyingine.

Na malaria je? Jirani yako hajaota. Kuna jambo halisi nyuma ya maneno yake, na lilitokea hapo ng'ambo yenu tu, Pemba. Watoto zaidi ya 24,000 wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 waligawanywa katika makundi, baadhi wakapewa chuma na foliki asidi kila siku. Mwaka 2003 wasimamizi wakasimamisha makundi ya chuma, kwa sababu waliopewa walikuwa wanalazwa na kufariki zaidi kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 na yakabadilisha sera za nchi nyingi zenye malaria. Lakini soma mpaka mwisho wa habari. Dawa ilitolewa kwa wote, mwenye upungufu na asiye nao. Walipochunguza kundi dogo lililopimwa damu, watoto waliokuwa na upungufu wa damu kwa kukosa chuma walinufaika. Madhara yaliwaangukia wale ambao ghala lao lilikuwa tayari limejaa.

Binti yako yuko upande wa wenye deni. Hatuhitaji kubahatisha, tarehe aliyozaliwa inatosha kutuambia. Kwa hiyo dawa ya damu iendelee, kwa kipimo, na alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na wewe ndani yake. Mtoto mdogo namna hii akipata homa ni wa kupimwa siku hiyohiyo, anywe chuma asinywe.

Vitamini D. Hapa wifi amelenga, isipokuwa huenda unacho tayari. Mifupa ya njiti imekosa kalsiamu na fosforasi ya wiki za mwisho, na bila vitamini D hata ile kidogo anayoipata kwenye maziwa haijengi vizuri. Huko ndiko matege yanakoanzia. Kipimo cha kawaida ni yuniti 400 kwa siku. Soma lebo ya multivitamini ya hospitali: nyingi zina hizohizo 400 ndani ya dozi moja. Kama zimo, chupa ya Maskati ikae. Kama hazimo, itumike, lakini angalia ni kiasi gani ndani ya kiasi gani. Zipo chupa ambazo yuniti 400 zimo katika mililita nzima, na zipo ambazo zimo katika tone moja, na mama anayehama kutoka aina moja kwenda nyingine akibaki na mkono uleule anaweza kumpa mtoto dozi ya mwezi kwa siku moja. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwahi kutoa onyo juu ya jambo hilihili mwaka 2010. Najua utaniambia mtoto anaanikwa jua la asubuhi. Jua la Tanga ni zuri sana kwa kukausha nepi. Kwa njiti wa kilo 1.9, kuvuliwa nguo barazani kwenye upepo wa bahari kunampotezea joto kuliko kunavyompa vitamini.

Vitamini A ya matone makubwa, ile ya kliniki, ataipata akifikisha miezi 6. Iliwahi kujaribiwa kwa vichanga wa siku za mwanzo hapa hapa Tanzania, karibu watoto 32,000, na matokeo yaliyotoka mwaka 2015 hayakuonyesha kwamba inapunguza vifo. Usiitafute mapema.

Sasa probiotiki, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo chupa inayosifiwa kuliko zote na wazazi wengi wananiuliza. Wazo lake ni zuri. Utumbo wa njiti hukaliwa na bakteria wa wodini badala ya wale wanaotoka kwa mama na kwenye maziwa yake, na ugonjwa tunaouogopa kuliko yote wodini ni ule wa utumbo kuvimba na kuoza, ambao unaweza kumchukua mtoto ndani ya siku moja. Ukimpa bakteria rafiki mapema, huenda wakawahi nafasi. Australia na New Zealand walifanya jaribio kwa watoto 1,099, wakachapisha mwaka 2013. Lengo kuu lilikuwa kupunguza maambukizi ya damu, na hapo hawakupata tofauti ya kutegemewa. Ila ugonjwa wa utumbo ulipungua kutoka asilimia 4.4 hadi 2. Nusu nzima! Muda si mrefu Waingereza wakajaribu bakteria wa aina nyingine kwa watoto zaidi ya 1,300, hakuna kilichobadilika. Jina la jumla ni moja, probiotiki, lakini kila aina ya bakteria ni mfanyakazi mwingine, na kazi ya mmoja huwezi kumsifia mwenzake.

Upande wa pili ni kwamba unampa mtoto vijidudu hai. Mwaka 2014 nchini Marekani njiti mmoja alifariki baada ya kupewa unga wa probiotiki uliokuwa umeingiwa na ukungu. Mwaka 2023 mamlaka ya nchi hiyo ikawaandikia wahudumu wote wa afya onyo, baada ya njiti mwingine kufariki na kukutwa damu yake ina bakteria walewale wa kwenye chupa. Visa vya namna hii ni vichache sana ukilinganisha na watoto waliopewa, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, linasema probiotiki inaweza kufikiriwa kwa njiti wa chini ya wiki 32 wanaonyweshwa maziwa ya binadamu. Linasema inaweza kufikiriwa, na anayefikiria ni timu ya wodi, kwa bidhaa inayojulikana, iliyotunzwa kwenye baridi.

Wako alizaliwa wiki ya 31, sasa amefikia 36. Kipindi kikali cha ugonjwa ule wa utumbo ameshakivuka sehemu kubwa, akiwa kwenye maziwa yako. Chupa imesafiri kutoka Maskati, imekaa kwenye joto la bandari na la basi, hakuna ajuaye nani bado yu hai humo ndani. Usimpe. Mshukuru wifi, mwambie daktari kazuia. Lawama nibebeshe mimi.

Mafuta ya samaki: usimpe. Wataalamu wa Australia walikuwa na matumaini makubwa kwamba DHA, aina ya mafuta iliyomo kwenye mafuta ya samaki, ingewakinga njiti na ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu. Wakawapa watoto wa chini ya wiki 29, jumla ya washiriki 1,273, na mwaka 2017 wakaripoti kwamba ugonjwa haukupungua. Kama kuna upande ulioelemea, ni wa walionyweshwa kuzidi kuugua. Walikuwa wadogo kuliko wako, ni kweli, lakini hakuna deni la wako ambalo chupa hiyo inalilipa. Ile ya "kinga" nayo iache. Zinki inaweza kumfaa njiti, ila kwa uzito wake, na imeandikwa na daktari anayejua kilichomo kwenye multivitamini. Siyo ikiwa imechanganywa na sukari, rangi na ladha ya chungwa kwa ajili ya mtoto wa shule.

Kuna watu watakwambia, "Si vitamini tu? Haidhuru." Mwishoni mwa mwaka 1983 hospitali za Marekani zilianza kutumia vitamini E ya kudunga kwenye mshipa kwa njiti, kwa nia ya kuyalinda macho yao. Haikuwa imejaribiwa kwa watoto. Hadi inaondolewa sokoni mwaka 1984, vifo 38 vya watoto vilikuwa vimehusishwa nayo. Ilikuwa vitamini.

Niliahidi nusu nyingine ya jibu. Uingereza, mwaka 1990, walichapisha takwimu za njiti 926: waliolishwa maziwa ya kopo peke yake walipata ule ugonjwa wa utumbo mara 6 hadi 10 zaidi ya waliolishwa maziwa ya mama peke yake. Hakuna chupa katika boksi lako yenye rekodi inayokaribia hiyo. Watu wamejaribu hata kuchomoa kiungo kimoja cha maziwa na kukitia kwenye chupa. Laktoferini, protini inayopigana na vijidudu, ilitolewa kwenye maziwa ya ng'ombe ikapewa njiti 2,203 Uingereza. Mwaka 2019 jibu likatoka kwamba maambukizi yalibaki palepale. Kinachofanya kazi ni maziwa yenyewe yakiwa na vyote vyake, kuanzia ile dang'a ya njano uliyoanza nayo.

Na ngozi yako. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, kwa watoto wa kilo 1 hadi 1.799, uzito wa binti yako kabisa siku aliyozaliwa. Waliowekwa kangaroo, yaani kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa walifariki kwa uchache kuliko waliosubiri kwanza watulie: asilimia 12.0 dhidi ya 15.7. Kangaroo haikuisha siku mliyoruhusiwa. Endelea nayo nyumbani mpaka mwenyewe akatae, akianza kujinyonganyonga na kutaka kutoka. Baba naye ana kifua.

Kuhusu maziwa: akiwa anaongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku, maziwa yako yanamtosha na hahitaji kuongezewa kopo. Akipungukiwa, waambie kliniki, maana upo unga maalumu wa kuongeza virutubisho kwenye maziwa ya mama ambao hutumika kwa waliozaliwa chini ya kilo 1.5, lakini ni kazi ya wodi na mizani, siyo ya kukadiria jikoni.

Mama mkwe. Asali hapana, hata kwa ncha ya kidole, mpaka mtoto atimize mwaka. Asali inaweza kubeba mbegu za vijidudu ambavyo kwenye utumbo wa mtoto mchanga huzalisha sumu ya kulegeza misuli, hata ya kupumulia. Lakini kwenye mafuta ana hoja, mwambie nimesema hivyo. Ngozi ya njiti ni nyembamba na vijidudu hupita humo. Bangladesh waliwapaka njiti mafuta ya alizeti hospitalini, na mwaka 2005 wakaripoti kwamba maambukizi yalipungua kwa karibu asilimia 40. Shirika la Afya Duniani nalo limeukubali upakaji wa mafuta kama jambo la kufikiriwa. Ya nazi sawa, yawe safi, ya chupa yake peke yake, mikono iliyooshwa, kiganja kikipita juu juu. Kukanda kwa nguvu na kunyoosha viungo kusubiri.

Akikataa kunyonya mara mbili mfululizo, akipoa au akichemka, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, tumbo likijaa na kung'aa, akitapika kijani au choo kikiwa na damu, usinitumie ujumbe. Nenda, hata kama ni usiku.

Na siku ya kliniki nenda na boksi zima, pamoja na chupa za hospitali na hicho unachopimia, kijiko au bomba. Wakuonyeshe kwa vitendo, wewe ukivuta dawa wao wakiangalia.